Kobe Mdogo, Mfuko Mzito: Kufundisha Vivumishi kwa Vitabu Wanavyovipenda Watoto

Swali: Watoto wangu wawili, mmoja wa miaka 7 na mwingine wa miaka 9, wanapenda mno mfululizo wa vitabu vya hadithi vinavyomhusu kobe na rafiki zake. Wamevisoma hadi kurasa zimelegea. Ningependa kuvitumia kuwafundisha vivumishi, lakini kila ninapowaambia wapige mstari chini ya vivumishi, wanachoka baada ya dakika chache. Mkubwa, ambaye anaandika vizuri kwa umri wake, bado huandika “kobe ndogo” na “rafiki yangu kubwa”. Nianzie wapi? Na je, wa miaka 7 si mdogo mno kwa somo hili?

Mzazi mwenzangu, kurasa zilizolegea ni habari njema kuliko unavyodhani. Jambo gumu kuliko yote katika kufundisha vivumishi ni kumpata mtoto anayejali kama mhusika ni mwoga au jasiri, kama mzigo wake ni mzito au mwepesi, na wewe tayari unao wawili. Kinachowachosha ni ile kazi ya kupiga mstari. Mtoto anayepiga mstari anatafuta neno ambalo mwandishi alishalichagua, na akilipata hana la kufanya nalo. Anajua tu kwamba liko pale. Kwa hiyo nakushauri uanze upande mwingine: mfanye mtoto awe ndiye anayechagua kivumishi, akitetee, na akitamke kwa upatanisho sahihi (yaani kwa kiambishi kinacholingana na nomino), kabla hujamwambia kwamba neno hilo linaitwa kivumishi.

Mfululizo wa vitabu unafaa kwa kazi hii kuliko kitabu kimoja, kwa sababu katika kitabu kimoja mtoto hukutana na mhusika mara moja tu na kumkubali kama alivyoelezwa. Katika mfululizo amemwona kobe yuleyule akinyeshewa, akidanganywa, akikosea njia na kuomba radhi, kiasi kwamba ana maoni yake juu yake kama ambavyo angekuwa nayo juu ya jirani. Maoni hayo ndiyo malighafi ya somo lako.

Chagua ukurasa mmoja kutoka katika kitabu ambacho wamekwisha kukisoma mara nyingi. Usitumie kitabu kipya. Kitabu kipya ni cha kusomwa kwa raha kutoka mwanzo hadi mwisho, bila swali hata moja la sarufi. Uandike ukurasa huo upya kwenye karatasi ukiwa umeondoa maneno yote ya kusifu, kisha uwasomee kama kwamba hakuna kilichotokea. Nitunge mfano wangu mwenyewe ili uone ninachokikusudia:

“Kobe alikuwa akipita njiani, amebeba mfuko mgongoni. Mbele yake akaona mto. Ukingoni alikaa nyani, naye akamwita kwa sauti.”

Watoto wanaokijua kitabu watakukatiza. Watasema mfuko ulikuwa mzito, au mto haukuwa mto tu. Waache wakurekebishe, na kila wanachokidai ukirudishe mahali pake, hadi mpate kitu kama hiki:

“Kobe mdogo alikuwa akipita njia nyembamba yenye matope, amebeba mfuko mzito mgongoni. Mbele yake akaona mto mpana. Ukingoni alikaa nyani mzee, naye akamwita kwa sauti ya upole.”

Sasa ondoa neno moja moja na uulize: likiondoka hili, hadithi inabadilika au inabaki vilevile? Swali hili lina thamani kubwa kuliko mistari mia moja ya kalamu. Wataona kwamba “mzito” na “mpana” zikisimama pamoja ndizo zinazotengeneza tatizo la hadithi, kwa maana mfuko mwepesi na mto mwembamba haviwezi kumzuia kobe. Wataona kwamba “mzee” huenda halina uzito hapa, ila likawa na uzito kurasa tatu mbele, pale nyani atakapokumbuka njia ya zamani. Kisha badilisha “ya upole” kwa “kali”, yaani nyani amwite kobe kwa sauti kali, na uwaulize wanafikiri nini kitafuata. Neno moja limebadilishwa na nyani amekuwa mtu mwingine kabisa. Mtoto aliyeliona hilo kwa macho yake hahitaji kuambiwa kwamba kivumishi hutoa taarifa zaidi kuhusu nomino.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoipenda kuliko zote, nayo ni daftari la wahusika. Kila mhusika apewe ukurasa wake, na kwa kila kitabu cha mfululizo mtoto aandike kivumishi kimoja kinachomfaa mhusika huyo katika kitabu hicho, pamoja na tukio moja la kuthibitisha. Sharti la ushahidi usilisamehe. Mtoto akisema nyani ni mchoyo, mwambie akuonyeshe ukurasa. Waandishi wengi wazuri wa hadithi za watoto hawasemi kwamba mhusika ni mchoyo. Wanamwonyesha akificha matunda nyuma ya mgongo, na mtoto ndiye anayelitoa neno. Hapo anajifunza kwamba kivumishi cha tabia ni hukumu, na hukumu hutolewa kwa sababu. Kwa kuwa una watoto wawili, utabahatika pia kupata ubishi. Mmoja atasema nyani aliyeficha matunda ni mchoyo, mwingine atasema ni mwangalifu kwa sababu ukame ulikuwa unakuja. Usiamue upesi nani yuko sahihi. Waache wavutane kwa kurejelea kurasa, kwa sababu tofauti ya mchoyo na mwangalifu, ya mjanja na mwongo, ya mpole na mwoga, ni elimu ambayo hakuna zoezi la kujaza nafasi litakaloitoa.

Daftari hilo litafichua jambo jingine baada ya vitabu vitatu au vinne, nalo ni kwamba vivumishi vya mhusika mmoja havibaki vilevile. Kobe aliyekuwa mwoga mwanzoni anaweza kuwa jasiri baadaye. Na neno hilo “jasiri” litakufungulia mlango wa sarufi bila kulazimisha, kwa sababu mtoto mkali wa masikio ataona kwamba tunasema “mwoga” lakini hatusemi “mjasiri” tunapomsifu kobe. Hapo ndipo pa kumwambia kwamba kuna vivumishi vinavyovaa kiambishi cha nomino inayosifiwa na vingine visivyovaa chochote: jasiri, hodari, safi, bora, imara, dhaifu, rahisi, ghali, laini, tajiri, maskini. Mengi kati ya maneno haya yalitoka katika Kiarabu na yakabaki na umbo lake moja, awe kobe mmoja au kobe mia, kiwe kikombe au nyumba. Mtoto wa miaka 9 anaweza kutenga nusu mbili za ukurasa, upande mmoja “yanayobadilika” na upande wa pili “yasiyobadilika”, na kuzijaza kidogo kidogo kila anaposoma.

Nije sasa kwenye “kobe ndogo” na “rafiki yangu kubwa”, kwa kuwa nahisi ndiyo yanayokusumbua zaidi. Naomba uyaangalie makosa hayo kwa jicho la heshima, maana yametokana na kufikiri na si uvivu. Mtoto amesikia kwamba “kobe” halibadiliki katika wingi, kama vile “nyumba” na “ngoma” yasivyobadilika, na anajua kwamba husemwa “nyumba ndogo” na “ngoma ndogo”. Akahitimisha “kobe ndogo”. Kilichompita ni kwamba mtu, mnyama au mdudu hupatanishwa katika ngeli (kundi la nomino) ya A-WA hata kama umbo la jina lake linafanana na la vitu: kobe mdogo, kobe wadogo, simba mkali, simba wakali, kipepeo mweupe, vipepeo weupe. Kanuni hii ni rahisi kuisema na ngumu kuizoea, na vitabu vya wanyama ndivyo mahali pazuri kuliko pote pa kuizoea, kwa kuwa karibu kila ukurasa una kiumbe hai akisimama kando ya kitu kisicho na uhai.

Kosa la “rafiki yangu kubwa” ni la ndani zaidi. Katika Kiswahili sanifu, rafiki, ndugu, mama, baba, dada na kaka huchukua vimilikishi (maneno kama yangu na yake) kwa sura ya ngeli ya I-ZI, ile ya “nyumba”, ndiyo maana tunasema rafiki yangu na rafiki zangu, dada yake na dada zake. Lakini kivumishi cha sifa kinachofuata hurudi kwenye A-WA: rafiki yangu mkubwa, rafiki zangu wakubwa, dada yake mdogo. Mtoto wako alisikia “yangu” na akaendelea na njia hiyohiyo hadi mwisho, jambo ambalo lina mantiki yake. Mweleze hivyo waziwazi. Mtoto anayeambiwa kwamba kosa lake lina sababu hulikumbuka sahihisho kuliko anayeambiwa tu kwamba amekosea.

Kwa mdomo, anapokosea katikati ya mazungumzo kuhusu hadithi, usimsimamishe. Lirudie wazo lake katika umbo sahihi na uendelee: akisema “yule kobe ndogo alidanganywa”, wewe jibu “kweli, kobe mdogo alidanganywa, na nani aliyemwokoa?” Masahihisho ya moja kwa moja yawekewe wakati wake. Kwa wakati huo nina mchezo ambao haushindwi. Shika kivumishi kimoja na ubadilishe nomino, ukizichukua zote kutoka katika picha ya ukurasa mmoja, naye ajibu haraka: kobe, kobe mdogo, jiwe, jiwe dogo, mawe, mawe madogo, kikapu, kikapu kidogo, nyumba, nyumba ndogo, mti, mti mdogo, miti, miti midogo. Kisha mbadilishane, yeye akutajie nomino nawe ujibu, na mara mojamoja ukosee kwa makusudi ili akukamate. Mizizi inayoanza kwa irabu iache baadaye kidogo, kwani maumbo yake yanahitaji kusikika mara nyingi: kikombe cheupe, vikombe vyeupe, jicho jekundu, macho mekundu, nguo nyeusi, miti myeusi, jambo jema. Vilevile -refu, ambalo katika ngeli ya I-ZI hugeuka kuwa “ndefu”, na -pya, ambalo hutoa “jipya” kwa jani na “mpya” kwa nguo.

Ikiwa katika mfululizo wenu kuna kiboko au kifaru, mna hazina. Kiboko mkubwa ni mnyama wa mtoni, kiboko kikubwa ni cha kuchapia. Kifaru mzee ni mnyama, kifaru cha zamani ni chombo cha vita. Hapo upatanisho peke yake ndio unaotuambia tunazungumzia nini, na watoto hulifurahia jambo hili kwa sababu wanaona kwamba kile kiambishi kidogo kina kazi.

Kuna onyo moja ambalo ningependa ulizingatie. Wazazi wengi, na walimu pia, huanza kwa kutafuta orodha ya vivumishi, na orodha nyingi zinazopatikana zimetolewa katika lugha nyingine na kugeuzwa neno kwa neno. Mimi mwenyewe, nilipoanza kufundisha, niliwapa watoto orodha ndefu ya kukariri, nao wakaandika sentensi kama “mtoto mzuri mkubwa mrefu mweusi alikuja”, ambazo hazikuwa na mtoto yeyote ndani yake. Tatizo la orodha za namna hiyo ni kwamba vivumishi halisi vya sifa katika Kiswahili ni vichache, na lugha hutumia njia nyingine nyingi za kusifu. Kobe hana kivumishi cha neno moja cha kuonyesha kwamba njaa imemshika. Ni kobe mwenye njaa, na wakiwa wengi ni kobe wenye njaa. Njia ina matope, basi ni njia yenye matope; mti una miiba, basi ni mti wenye miiba. Kobe aliyechoka, nyani aliyekasirika, tunda lililoiva, mlango uliofungwa: hapa kitenzi ndicho kilichogeuzwa kuwa sifa. Mfuko wa ngozi, sauti ya upole, siku ya furaha: hapa a-unganifu, yaani wa, ya, la na mengine ya namna hiyo, ndiyo iliyofanya kazi. Sarufi ya Kiswahili inayahesabu haya yote kuwa ni vivumishi au mafungu yanayofanya kazi ya kivumishi. Mwambie mtoto atafute kila kitu kinachojibu swali “kobe gani?” au “njia gani?”, bila kujali ni neno moja au matatu, naye ataanza kuziona njia hizi zote katika kitabu chake. Ukimfungia kwenye maneno ya orodha tu, nusu ya utajiri wa ukurasa utampita.

Rangi zina kisa kama hicho. Zenye mizizi ya kupokea viambishi ni tatu: -eusi, -eupe na -ekundu. Nyingine husemwa kwa a-unganifu, kama jani la kijani au kofia ya bluu. Idadi nazo hugawanyika: moja hadi tano pamoja na nane hupatanishwa (kobe watano, kobe wanane), lakini sita, saba, tisa na kumi hubaki zilivyo. Haya ni ya kupitia kwa haraka, wakati wa kuhesabu wanyama katika picha.

Afadhali muda huo uutumie kwenye upana wa maana. Chukua mzizi mmoja, kwa mfano -kali, na muuwinde katika mfululizo mzima: jua kali, kisu kikali, mbwa mkali, dawa kali, maneno makali, maumivu makali. Waulize ni kitu gani kinachoviunganisha hivi vyote. Au -refu, linalofaa mti, safari na hata kisima. Au -bichi, kwa tunda ambalo halijaiva, nyama ambayo haijapikwa, na kuni au nguo ambazo hazijakauka. Lugha yenye vivumishi vichache huvifanyisha kazi nyingi, na mtoto aliyeelewa hivyo atakuwa msomaji makini zaidi.

Mkubwa akishazoea, mwonyeshe mtego mmoja wa vielezi, yaani maneno yanayoeleza kitendo. Katika “vitabu vizuri”, neno “vizuri” linasifu vitabu. Katika “anasoma vizuri”, neno lilelile linaeleza kitendo cha kusoma, kwa hiyo si kivumishi tena. Kobe anayetembea polepole hajapewa sifa yoyote na neno “polepole”. Kutembea kwake ndiko kulikoelezwa. Vivyo hivyo, nomino ikiondoka na “mdogo” akabaki peke yake, kama katika “Mdogo akajibu”, neno hilo limekuwa kiwakilishi, yaani limesimama badala ya nomino. Yote mawili yanapimwa kwa swali moja: nomino inayosifiwa iko wapi?

Baada ya wiki chache za haya, mpe kila mmoja kazi ya kuandika ukurasa mpya wa mfululizo wao, tukio ambalo mwandishi hakulisimulia. Ruhusu vivumishi vitatu tu, na upige marufuku -zuri, -baya na -kubwa. Marufuku hii si ukatili. Maneno hayo matatu huja kwanza kwa kila mtoto, na yakizuiwa, anayesema “mahali pazuri” hulazimika kuamua kama ni mahali safi, patulivu au penye kivuli. Anayetaka kusisitiza, mkumbushe kwamba Kiswahili kina silaha zake: nyeupe pe, nyeusi ti, nyekundu ndu, giza totoro, vipande vidogo vidogo. Watoto hupenda kuyatamka kwa sauti, nayo huwaepusha na ile tabia ya kuongeza “sana” kila mahali.

Kuhusu wa miaka 7: si mdogo mno hata kidogo, ila asipewe istilahi kwa sasa. Anaweza kurudisha maneno yaliyoondolewa, kucheza mchezo wa kubadilisha nomino, na kubishana kuhusu nyani. Ikiwa kuandika bado kunamchosha, achore mhusika katika daftari na akutajie neno uliandike wewe chini ya picha. Muda wake uwe dakika kumi, na ukomee akiwa bado anataka kuendelea. Jina “kivumishi” mpe siku atakapouliza maneno haya mnayocheza nayo yanaitwaje, na kwa kuwa ana kaka au dada wa miaka 9 anayelitumia jina hilo mezani kila siku, sitarajii kwamba atachelewa kuuliza.